Kopo la Vidonge na Karatasi Yenye Muhuri

Mimi ndiye niliyemlisha mume wangu chokaa kwa miezi mitatu, kwa mkono wangu wa kulia, tena nikimhimiza ameze. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu. Ukiwaficha jambo mwanzoni, wakaligundua katikati, wanaacha kukusikiliza na kuanza kukuhesabia dhambi. Basi hesabuni sasa hivi, mkimaliza tuendelee.

Kazi yangu ilikuwa kupika chai Wizarani, kitengo cha habari, ghorofa ya tatu. Miaka ishirini na miwili. Walinistaafisha mara mbili, na mara mbili wakanifuata nyumbani, maana yule waliyemweka mahali pangu alichemsha majani mpaka yakaomba radhi. Ofisini waliniita Mama Birika. Mtaani waliniita Wizara. "Shikamoo Wizara!" "Wizara umeamkaje?" Wengine walinidhihaki, nilijua, lakini hao ndio niliowaitikia kwa sauti kubwa zaidi. Jina la mzaha ukiliitikia vizuri linageuka cheo.

Na cheo nilikuwa nacho. Chumba cha habari kilikuwa kidogo: meza ndefu iliyochubuka pembeni, viti kumi na viwili ambavyo viwili havikaliki, mashine ya kuchapa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, na ubao wa matangazo ukutani. Kila neno ambalo serikali ililisema kuhusu afya za watu liliandikwa mezani pale, nami nikiwa nyuma ya bega la mwandishi na birika langu. Kipindupindu nilikijua kabla hakijafika. Nikirudi jioni, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye ulimi kama wembe uliotoka dukani, alikuwa ananingoja bombani. "Wizara, leo wamesemaje?" Nami naweka ndoo chini taratibu, najifuta mikono, nakohoa kidogo. Hata Msemaji wetu hakujua kukohoa vizuri kama mimi.

Nyumbani nina mzee wangu, fundi bomba mstaafu. Sikio la kushoto halisikii, la kulia linasikia linalolitaka. Ana presha mwaka wa kumi na nne huu. Kidonge kimoja cheupe kila asubuhi kabla ya chai. Daktari alimwonya mbele yangu: "Mzee, hii dawa si ya kuruka siku. Presha haipigi hodi." Kidonge hicho ndicho kilichomshikilia duniani, na mimi ndiye niliyekuwa nakileta. Yeye mwenyewe alikuwa hajui hata rangi ya boksi lake.

Hilo boksi ndilo lililoniponza. Mimi maboksi siyapendi. Boksi la dawa ni kubwa, vidonge vyake ni vichache, na ndani mna lile karatasi la maelezo lenye maandishi kama sisimizi waliokanyagwa. Nikitoka duka la dawa nilikaa mezani, nikavibonyeza vidonge vyote kutoka kwenye karatasi yake ya kung'aa, kimoja kimoja, tak, tak, tak, nikavimimina kwenye kopo la siagi lenye kifuniko chekundu. Maboksi nikawashia moto. Na kopo halikuwahi kukauka. Vya zamani havijaisha, mimi tayari nimejazia vipya juu, kama mtu anavyojazia mtungi wa maji. Nilijivunia kopo lile kama wengine wanavyojivunia kabati la vyombo. Tena niliwafundisha majirani. "Dawa ni kama sukari," niliwaambia, "huwezi kukaa nayo kwenye mfuko wa dukani kama msafiri." Nyumba nne zikaniiga. Mungu anisamehe.

Mzee alianza kulalamika mapema.

"Mke wangu, hii dawa siku hizi ina ladha ya ukuta."

"Umewahi kulamba ukuta?"

"Nimefanya kazi ya bomba miaka arobaini. Nimelamba kila kitu."

"Ulimi wako umezeeka. Meza."

Akameza.

Sasa, Jumatatu moja, akaja ofisini kwetu mkaguzi wa dawa, mtu mwembamba mwenye begi zito, akakaa mbele ya Msemaji bila kungoja kukaribishwa. Msemaji wetu alikuwa kijana wa miaka arobaini, na alikuwa na tai tatu: ya habari njema, ya habari mbaya, na ya mazishi. Siku ile alikuja na ya habari njema, akaivua mezani palepale. Nikamimina chai. Nikasikia yote.

Kulikuwa na vidonge vya presha vya bandia madukani. Ndani ni chokaa na unga. Watu kumi na mmoja walikuwa wamelazwa hospitali kuu.

"Mmevikamata vyote?" Msemaji akauliza.

"Nusu. Labda nusu. Vilivyobaki sijui viko wapi."

"Siwezi kusimama mbele ya waandishi wa habari nikasema sijui."

"Lakini sijui."

"Nisikilize. Watu wakiingiwa na hofu wataacha hata dawa nzuri. Hao nao wataanguka. Hao utawalaza wapi?"

Mkaguzi akaniomba sukari. Hapo nikajua ameshindwa, maana hakuwa mtu wa sukari.

Mchapaji wetu, binti mwenye vidole vyepesi kama mvua ya manyunyu, akaandika: Hali imedhibitiwa. Wananchi waendelee kutumia dawa zao bila hofu. Mashine ikakohoa, karatasi ikatoka, muhuri ukagongwa.

Na hapa ndipo nisipojielewa mpaka leo. Nilikuwa nimemsikia mkaguzi kwa masikio yangu mawili, yote mazima, akisema hajui. Hakunong'ona. Lakini nilipoiona ile karatasi na muhuri wake wa bluu, masikio yangu nikayaweka kando kama viatu mlangoni. Mtu aliyekua na vitabu anajua kwamba karatasi nayo hudanganya. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa tayari na wajukuu, darasa la jioni, kwenye viti vya watoto magoti yakinigusa kidevu. Kila mstari ninaoumaliza kwangu ni ushindi, na hakuna anayependa kuambiwa kwamba ushindi wake ni uongo.

Jioni bombani nikakohoa vizuri kuliko siku zote.

"Hali imedhibitiwa," nikasema. "Endeleeni na dawa zenu bila hofu."

"Mimi nimesikia kuna watu wamelazwa," akasema jirani wa ukuta mmoja.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa waliolazwa."

"Mimi karatasi yenyewe nimeiona. Ina muhuri."

"Hiyo karatasi nayo ina presha?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Nikaondoka na maji nusu, nikijiambia kwamba kumsomesha mtu asiyetaka ni kumpigia mbuzi gitaa. Yeye kesho yake akarudisha vidonge vyake dukani. Wale wa nyumba nne wakanisikiliza mimi.

Alhamisi ikatoka karatasi ya pili. Sasa zilikuwa namba. Kila boksi la dawa, kumbe, lina namba ya toleo, ndefu kama treni, na namba sita zilikuwa za zile dawa bandia. Msemaji akazisoma mbele ya kamera, tai ya habari mbaya shingoni, mbio mbio kama mtu anayetaja majina ya waliofukuzwa kazi. "Mwananchi aangalie boksi lake. Namba ikifanana na mojawapo ya hizi, asitumie dawa hiyo."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya waandishi na sinia mkononi. Aangalie boksi lake. Boksi lipi? Maboksi yangu yalikuwa majivu. Na asubuhi ileile mzee wangu alikuwa ametoka damu puani, nami nikamwambia, "Ni joto."

Mwenye akili angefanya jambo jepesi. Angesema, "Jamani, nina kopo nyumbani, silielewi." Chumba kizima kilikuwa na wataalamu, mkaguzi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anakula biskuti zangu. Lakini nimwambie nani, na kwa mdomo upi? Mimi, Wizara, niliyewatangazia mtaa mzima? Nikaona afadhali nichunguze mwenyewe kimyakimya, halafu nikishajua, nitaamua kama nilikuwa najua tangu mwanzo.

Nikapindua nyumba nzima. Mzee akakaa kitandani akinitazama ninavyotambaa.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu."

"Basi unakitafuta cha nini?"

Nikapata boksi moja. Lilikuwa limekunjwa mara nne chini ya mguu wa kabati, limebonyea kama mkate uliokaliwa, lakini namba ilionekana. Nikalitia kifuani, kesho yake nikaenda nalo kazini.

Orodha ilibandikwa kwenye ubao. Namba mojamoja nazijua, msinidharau. Lakini namba ndefu kwangu ni kama nyoka kwenye majani. Nikimshika kichwa, mkia umeshapotea. Ikabidi nilinganishe kidogo kidogo, nikichungulia kifuani, nikifuta ubao kwa kitambaa, nikichungulia tena.

"Mama," akasema Msemaji, "mbona unafuta karatasi hiyohiyo?"

"Ina vumbi."

"Imebandikwa jana."

"Ndiyo. Vumbi la jana."

Mchapaji akaja polepole, akasimama kando yangu. Alikuwa ameshanielewa, binti yule, ana macho. "Mama Birika, nikusaidie?"

"Kushika kitambaa nimeanza kabla mama yako hajazaliwa," nikamwambia. Akaenda zake. Angenisomea zote sita kabla chai haijapoa. Mimi zilinichukua Ijumaa, Jumatatu na Jumanne. Jumamosi na Jumapili ofisi ilifungwa, nami nikakaa nyumbani na kopo langu, kila asubuhi nikimpa mzee kidonge, kila asubuhi nikitazama koo lake likipanda na kushuka.

Jumanne mchana nikamaliza. Boksi langu halikufanana na namba yoyote kati ya zile sita. Nikapika chai siku ile nikiimba.

Mnajua tayari. Hata mimi nilijua. Kabati lile lilivunjika mguu mwaka juzi. Boksi lilikuwa la mwaka juzi. Dawa yake ilikuwa imeshamezwa na kusahaulika tangu mwaka juzi. Nililijua hilo kama ninavyoijua njia ya jikoni kwangu, lakini nilikuwa nimechoka kuogopa, na lile boksi lililopondwa lilinipa ruhusa, nikaichukua. Mzee akalalamika kichwa Jumatano. Alhamisi akasema anaona vijinyota. "Ni joto," nikasema. Kulikuwa na mvua.

Ijumaa asubuhi alimeza kidonge, akanyanyua kikombe, na kikombe kikamtoka mkono wa kushoto kama kitu ambacho hakikuwa chake. Nikageuka nimgombeze. Mdomo wake ulikuwa umeenda upande. Akaniambia neno, lakini halikuwa neno.

Aliyefika wa kwanza ni jirani wa ukuta mmoja. Hakusema kitu, yeye ambaye hunyamaza akiwa amelala tu. Alimshika mzee kwapa la kulia, mimi la kushoto, akasimamisha gari la mtu asiyemjua kwa kusimama mbele yake.

Hospitali muuguzi akauliza, "Anatumia dawa gani? Tupe boksi lake."

Nikampa kopo. Angalau kopo nilikumbuka kulibeba. Alifungua kifuniko, akatikisa, akasogea dirishani.

"Mama, hivi ni vidonge vya aina moja?"

"Ndiyo."

"Mbona vina weupe wa aina mbili?"

Nikasogea nitazame. Kweli. Kulikuwa na weupe na weupe. Mimi, miaka ishirini na miwili, mtu akitia maji kwenye maziwa namjua nikiwa mlangoni, kabla hajayamimina. Na hivi nilivishika kila siku kwa vidole vyangu.

Wakalipeleka kopo kwenye maabara. Vidonge hamsini na vitatu. Thelathini na vinane vilikuwa chokaa. Daktari akasema ni kiharusi, si kikubwa, na kwamba mzee ataishi akipata dawa ya kweli kila siku bila kukosa. Mkono wa kushoto tungengoja tuone. Mzee akanitazama kutoka kwenye mto, akitaka nimwambie kilichompata.

"Ni joto," nikasema.

Naandika haya na uso unanichoma.

Jumatatu nikaenda kazini, maana nyumbani palikuwa kimya na sikuzoea. Nikawakuta Msemaji na mkaguzi mezani, hawaelewani. Watu walikuwa bado wanalazwa. Zahanati zilikuwa tayari kupokea dawa bandia, na waliozileta walihesabika kwa vidole.

"Tumewapa namba," Msemaji akasema. "Redio, televisheni, magazeti. Sasa watu hawa wanataka nini? Niende nyumba kwa nyumba?"

Nilikuwa namimina kikombe chake. Sikuacha kumimina. Kikajaa, kikafurika kwenye kisosi, kikafurika mezani.

"Mama! Chai!"

"Mwanangu," nikasema, "namba zako ziko kwenye boksi. Boksi mimi nimewashia moto."

"Boksi gani?"

"La dawa. Naviweka kwenye kopo."

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Lakini Mama, ni nani anayetupa boksi la dawa?"

"Mimi."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Kopo la kifuniko chekundu?" akauliza. "La hospitali kuu?"

"La siagi," nikasema. "Na aliyelazwa ni mume wangu."

Chai ilikuwa inadondoka sakafuni. Halafu Mchapaji akasema, bila kuinua macho, "Mama yangu anaweka kwenye chupa ya asali." Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja kikombe chake, akasema, "Baba yangu kwenye soksi. Anasema panya hawali soksi." Na Msemaji, polepole, akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vyeupe.

"Mke wangu ananifungia vya siku mbili mbili," akasema. "Boksi sijawahi kuliona."

Mkaguzi akanyoosha mkono, akavichukua bila kuomba.

Karatasi ya tatu iliandikwa mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti, mara ya kwanza katika chumba kile, na kilikuwa kimojawapo cha vile visivyokalika. Ilisema: dawa yoyote ya presha isiyo na boksi lake usiimeze na usiitupe, ipeleke yote zahanati, utapewa nyingine siku hiyohiyo bila malipo. Na juu kabisa mkaguzi akataka iandikwe kwamba dawa bandia zilizobaki hazijulikani ziko wapi. Msemaji akaufuta mstari huo. Mkaguzi akamwambia Mchapaji aurudishe. Ukafutwa mara tatu, ukarudishwa mara tatu. Mwisho Msemaji akasema, "Acha," akaenda dirishani.

Kisha akanigeukia. "Mama, hili uliseme wewe redioni. Mimi nimewasomea watu namba wiki nzima. Hawatanisikiliza."

Nikavaa gauni langu la harusi za watu, na mtandio wenye shanga. Fundi wa studio akanitazama. "Mama, hii ni redio."

"Sauti ya mtu aliyevaa vizuri inajulikana," nikamwambia.

Walinipa karatasi ya kusoma. Ilianza, "Mimi ni mwananchi wa kawaida." Nikakataa hapo hapo, wa kawaida ni nani? Wakaufuta. Mara ya kwanza nikakohoa, kwa mazoea. Mara ya pili karatasi ikapiga kelele. Mara ya tatu nikafika penye neno "nilikosea", ulimi ukagoma kama punda kwenye daraja.

"Kulitokea makosa," nikasema.

"Mama, nani alikosea?" fundi akauliza masikioni mwangu, kupitia vile vidude walivyonivisha.

"Makosa yalijitokeza, na yanashughulikiwa."

Tukarudia. "Kutokana na changamoto zilizokuwepo." Tukarudia. "Ikumbukwe kwamba." Mara ya tisa nikamwona Msemaji nyuma ya kioo, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Akafungua mlango, akaingia.

"Mama, hayo yote ni maneno yangu," akasema. "Umeyasikiliza miaka yote, yamekuingia. Niachie mimi. Sema yako." Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akatoka.

Mara ya kumi na moja nikasema hivi. Nalijua kwa kichwa kwa sababu walilirusha siku kumi mfululizo:

"Jamani, mimi nilimlisha mume wangu chokaa. Nilitoa dawa kwenye boksi, nikachanganya mpya na ya zamani, boksi nikachoma. Niliposikia mambo ya namba, nikajua siwezi kujua. Nikaona aibu kuuliza. Sasa amelala hospitali na mkono wake haukunjiki. Wewe mwenye kopo, mwenye chupa, mwenye soksi, usitafute namba. Beba vyote, nenda zahanati leo. Watakupa vingine. Na mlionisikiliza mimi bombani, nilikosea."

Nikamwuliza fundi kama turudie. Akatikisa kichwa.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Tangazo litarushwa saa saba mchana, mzee atakuwa amelala, na akiamka kuna lile sikio bovu. Ningemwambia mwenyewe taratibu, kwa maneno niliyoyachagua. Nikafika wodini saa kumi na chungwa mkononi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo juu ya kifua chake, naye akanikwepa macho, akaigeukia dari. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa ameketi penye kiti changu. Akaniachia.

Mzee alikuwa macho.

"Ulijua lini?" akauliza. Maneno yalimtoka polepole, yakiburuta mguu mmoja, lakini sasa yalikuwa maneno.

Ningeweza kusema Ijumaa, siku aliyoanguka. Hakuna ambaye angenibishia, jirani mwenyewe hakujua.

"Siku waliyotangaza namba," nikasema. "Alhamisi ile."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Akaanza kuzihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia. Alipofika tano vikaisha. Akautazama mkono wa kushoto uliolala juu ya shuka, akauacha, akaanza upya na uleule wa kulia mpaka nne. Kisha akageukia ukutani.

Siku mbili sikupata hata guno. Dawa alipewa na muuguzi, na aliimeza kutoka mkononi kwa muuguzi. Mimi nilikaa kwenye kiti na machungwa yangu. Jirani ndiye aliyeniletea habari, akazisema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Wizara, zahanati imejaa makopo kama duka la vyombo. Kuna bibi kaleta kibuyu." Katika zile nyumba nne zangu, mbili zilikutwa na chokaa. Hakuna aliyeanguka. Mmoja wao hanisalimii mpaka leo, na anayo haki. Namwamkia mimi kwanza kila siku, naye ananipita, na kesho yake namwamkia tena.

Siku ya tatu muuguzi alikuja na pakiti na bilauri ya maji. Mzee akatikisa kichwa. Akanyoosha kidevu upande wangu.

"Yeye," akasema.

Muuguzi akanitazama, akanipa pakiti. Nikabonyeza. Mikono hii iliyobonyeza vidonge vyote vile ikazidisha nguvu, kidonge kikaruka, kikagonga chuma cha kitanda, kikabingirika mpaka chini ya uvungu. Nikashuka kwa magoti kukifuata. Miaka yangu sitini na tisa, kichwa uvunguni, makalio kwa wodi nzima, nikipapasa sakafu. Wa kitanda cha pili akaanza kucheka, kisha wote. Juu yangu nikasikia sauti nyingine, kama mlango wenye bawaba moja. Ilikuwa ni mzee, anacheka kwa nusu ya mdomo.

"Hicho kiache," akasema. "Toa kingine."

Nikatoa kingine, nikampa na maji. Akameza. Akafumba macho, nami nikabaki nimesimama pale na bilauri, nikimtazama koo, mpaka akafumbua jicho moja na kuniambia nisogee kidogo, namzibia upepo.